Yule bwana wa viti vya kizamani hapa mjini kanidhalilisha mbele za watu, sikubali!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, hata viatu sijavua. Jina simtaji, hana haja ya kutajwa. Kama unaishi Mtwara mjini na umewahi kutafuta japo stuli, unamjua: miwani imepanda kwenye kipara, maelezo marefu kuliko barabara ya Newala.

"Hela ya korosho hiyo, haijui kiti."

Mimi huyo nimeambiwa hivyo! Mbele ya yule mama wa chapati ambaye nilikuwa namheshimu, kacheka mpaka chapati ikaungua na wateja wakamsaidia kucheka.

Iko hivi. Natafuta kiti cha kupumzikia barazani, kile cha plaiwudi iliyokunjwa na mito ya ngozi nyeusi, na kistuli chake cha kuwekea miguu. Kila tajiri kwenye sinema anacho. Jamaa kanipigia mwenyewe: anacho, cha zamani, orijino, "mali ya mzungu wa karanga wa Nachingwea, alikiacha alivyoondoka". Bei siandiki, mke wangu yumo humu.

Nafika, kiti kinang'aa kama kimetoka kuoga. Cha mwaka gani? "1956." Na mzungu aliondoka lini? "Karanga zilipokufa." Jamani! Ule mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga Waingereza waliufunga 1951! Kiti chenyewe ni kweli wabunifu Charles Eames na mkewe Ray walikitoa Marekani 1956, hapo kapatia. Sasa huyo mzungu alikikalia miaka mitano kabla hakijazaliwa?

Nikakipindua. Miguu minne! Orijino ina mitano, kistuli ndicho chenye minne. Nikaegemea, kikalala chali kama cha kinyozi. Cha kweli hakilali, mgongo umeinamishwa tangu kiwandani na ndiyo basi. Lebo ya kiwanda hakuna, kuna stepo tupu na kipande cha boksi kimejitokeza kwenye mto.

Nikamwambia mzee wangu, hiki ni kopi. Ndipo akashusha miwani, akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia, akasema lile neno. Hela ya korosho hiyo, haijui kiti. Kisha: "Nenda kachukue cha plastiki, hakina historia ya kuuliza."

Nimepanda bajaji, dereva naye kasikia, njia nzima anajifanya anakohoa.

Haijui kiti! Kwani hapa mjini nani ananunua kwa hela ya nini? Ya dhahabu?

Mzee wa Siti ya Mbele: Uzi bila picha haunogi. Weka ya kiti na ya mama wa chapati.

Fundi Randa: Pole mkuu. Miguu na kulala umepatia. Angalia na maganda ya mbao, orijino ina matatu: kichwa, mgongo, na pa kukalia. Ila na wewe usikimbilie cha zamani kisa ni cha zamani. Kwa ndani kuna vipande vya mpira vilivyogundishwa kwenye mbao. Umri ukienda mpira unakauka, gundi inaachia, unaegemea vizuri na mgongo unabaki nyuma yako. Kwa joto na chumvi ya hapa Shangani? Kampuni yake, Herman Miller, wanakitengeneza hadi leo, kipya chao nacho ni orijino. Na kopi iliyotulia si mbaya, mradi uuziwe kwa bei ya kopi.

Mwenye uzi: Asante fundi. Lakini umesoma alichoniambia?

Fundi Randa: Nimesoma. Nimecheka kidogo.

Mtoto wa Tandahimba: Samahani kiongozi, kianzio ulitoa au hukutoa?

Mwenye uzi: Hilo halihusiani na mada.

Mtoto wa Tandahimba: KATOA 😂😂😂

Bibi Ming'oko: Mwanangu, umeambiwa una hela halafu unalia? Mimi naambiwa sina na nakaa kimya.

Korosho Ghafi: Wewe una bahati hiyo hela umeishika. Chama chetu cha ushirika mnada wa korosho umepita, stakabadhi ninayo mkononi, malipo ni "kesho kutwa". Mimi ndiye nianzishe uzi.

Lindi Kwanza: Ndiyo maana sisi Lindi tunakalia mkeka. Mkeka hauna kopi.

Mikindani Moja: Lindi hata hicho kiti kingefika mngekianika samaki.

Lindi Kwanza: Makao makuu ya jimbo yalikuwa kwetu mkayabeba, reli ya karanga mkaipata mkashindwa hata kubaki na taruma moja. Leo mnapigana kwa kiti cha miguu minne.

Mikindani Moja: Reli waliing'oa wenyewe, usitusingizie.

Mpingo Mweusi: Cha kuuma ni kingine. Vile vya zamani vilivikwa mbao ya Brazili ambayo ni ukoo mmoja na mpingo wetu, zote ni *Dalbergia*. Mpingo wa Kilwa unakwenda kuwa klarineti Ulaya, sisi tunaletewa plaiwudi tunaambiwa ni urithi.

Mwenye uzi: Sawa kabisa mkuu, na juu yake unatukanwa! Haijui kiti!

Shemeji wa Masasi: Afadhali kiti. Mimi nimeuziwa kitanda cha mninga, mtoto kakojoa usiku mmoja, mninga wote umehamia kwenye shuka. Chini yake mwembe mweupeee.

Fundi Randa: Shemeji, mninga una uzito wake. Ulikibeba peke yako?

Shemeji wa Masasi: Nilikibeba na pikipiki.

Fundi Randa: Basi.

Ligula Gizani: Nyie mnaona viti vyenu? Gesi inatoka Msimbati hapo, na huku kwangu umeme umekatika tangu mchana. Naandika kwa asilimia nne za chaji.

Korosho Ghafi: Kesho kutwa utarudi.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye suala la yule bwana.

Mzee wa Siti ya Mbele: Picha mkuu.

Bibi Ming'oko: Nani yuko Feri sasa hivi? Pweza amefika bei gani?

Lindi Kwanza: Bibi, pweza njoo Lindi, huyo wa kwenu nusu yake maji.

Mikindani Moja: Unasemaje wewe???