Tupeane uzoefu: saa ya chuma au ya titani, ipi imekufaa na ipi imekuliza?

Mkono Mtupu:
Wakuu, leo asubuhi nafuta saa yangu kwa kitambaa kibichi, mara naona kwenye pembe, pale mkanda unapoingilia, rangi ya fedha imebanduka kama rangi ya kucha. Chini yake njano tupu, kama koki kuukuu. Na mimi miaka miwili natembea kifua mbele kwamba nina saa ya chuma cha pua! Nikaigeuza. Imeandikwa STAINLESS STEEL BACK. Maandishi haya nimeyasoma mara mia, leo ndiyo nimeliona lile neno la mwisho. Mgongo tu ndio chuma cha pua, kwingine kote ni aloi ya hovyo iliyopakwa rangi. Hawajanidanganya, nimejidanganya mwenyewe.

Sasa nataka ya kuvaa miaka kumi, isiyonitoa roho kwa bei. Wengine wananiambia titani, wengine kaa na chuma. Tupeane uzoefu, hasa nyie mliolizwa.

Kijiti Kimoja:
Yangu ilikuwa inaacha duara la kijani mkononi. Nikaambiwa ni madini yamezidi mwilini. Nikaamini.

Bi Kipele:
Mimi hata kifungo cha jinzi kinanitoa vipele chini ya kitovu, kwa hiyo somo la saa nimelisoma kwa ngozi. Kinachowasha ni nikeli, metali inayochanganywa humo. Zile za kupakwa rangi ndizo mbaya zaidi, rangi ikichubuka tu jasho linakutana na nikeli uso kwa uso. Chuma cha pua cha 316L, ambacho ndicho kimejaa kwenye saa, nacho kina nikeli asilimia 10 hadi 14, ila imefungwa vizuri ndani, wengi haiwasumbui kabisa. Mimi ilinisumbua. Siku za joto naivua, nakuna, navaa tena, mpaka mkono ukawa na bangili ya magamba.

Nikahamia titani. Siku naipokea nilijua nimepigwa, nimeletewa plastiki: ukubwa uleule, uzito karibu nusu. Huu mwaka wa saba. Vipele hakuna. Kasoro yake ni rangi, ina ujivujivu kama risasi ya penseli, anayetaka kumeremeta atafute kingine.

Nati Kavu:
Bi Kipele sema ukweli wote. Imekwaruzika au haijakwaruzika?

Bi Kipele:
Imekwaruzika. Mwezi wa kwanza tu. Ila sasa mikwaruzo imeshakuwa mingi hadi hauoni mmoja mmoja.

Nati Kavu:
Ndipo hapo watu wanapouziwa maneno. Wakisikia titani inatengenezea ndege wanadhani haichuniki. Nguvu na ugumu ni vitu viwili. Titani safi, ile daraja la 2, haivunjiki ovyo lakini uso wake unachunika kama chuma cha pua au zaidi. Daraja la 5, iliyochanganywa na aluminiamu asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ndiyo ngumu. Halafu wapo wanaougumisha uso wenyewe. Citizen wana njia yao wanaiita Duratect, na ndio hao walioanza biashara hii ya saa za titani mwaka 1970 na ile X-8 Chronometer. Kabla hujalipa uliza ni daraja gani, na uso umefanywa nini. Muuzaji akikujibu "hii orijino bosi", ondoka.

Pingili Nne:
Mmetaka waliolizwa. Jina langu humu mnaliita kila siku, hamjui lilikotoka.

Saa ilikuwa ya chuma, nzito, mnyororo umekaa sawasawa mkononi. Gari likagoma kuwaka, nikafungua boneti nibadilishe betri. Nikaanza kulegeza nati ya chanya kwa spana namba 10. Aliyefundishwa vizuri anaanza na hasi, najua, msinifokee. Mkono ukateleza. Mnyororo ukalalia mkia wa spana upande mmoja, upande wa pili ukagusa bodi ya gari, ambayo imeungwa na hasi.

Sikurushwa. Volti 12 haimrushi mtu. Nilisikia kitu kama mafuta yanachapa kikaangoni, cheche, harufu ya nywele, halafu nikaona pingili za mnyororo zinabadilika: kahawia, bluu, nyekundu. Na zimenikumbatia mkono. Nikavuta, spana ikaruka huko, lakini chuma kikishashika moto hakipoi kwa sababu wewe umepiga kelele. Kufungua kishikizo nikaungua na vidole vya mkono wa pili. Nikakimbia nayo hadi kwenye ndoo ya maji, ikalia chwaaa, kama kwa mhunzi.

Nina alama nne za mraba juu ya kifundo, zimejipanga kama matofali. Mke wangu akinishika mkono gizani anazihesabu. Na saa? Ilikuwa inatembea. Mshale wa sekunde unakwenda zake kama hapajatokea kitu. Niliichukia kwa hilo tu.

Kijiti Kimoja:
Nimevua yangu sasa hivi, na gari sina.

Mtaka cha Uvunguni:
Daah, pole sana mkuu. Ungewahi dawa ya meno isingeacha alama.

Bi Kipele:
Dawa ya meno ni ya meno! Mtu akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, na saa, pete, bangili vivuliwe mapema kabla hapajavimba. Msiharibu watu.

Mtaka cha Uvunguni:
Sawa dada, nimenyamaza. Ila somo ni kwamba tuvae titani, maana haipitishi umeme.

Nati Kavu:
Nani kakwambia? Titani ni metali, inapitisha. Titani safi inapitisha hata kuliko hiyo 316L iliyomuunguza mwenzako.

Mtaka cha Uvunguni:
Mbona haivutwi na sumaku?

Nati Kavu:
Shaba nayo haivutwi na sumaku. Nyaya za ndani kwako ni za nini, mbao?

Mtaka cha Uvunguni:
Basi umeshinda, njoo uchukue cheti.

Pingili Nne:
Msigombane juu ya kovu langu. Ukiingiza mkono kwenye injini, vua. Chuma, titani, hata pete ya ndoa. Mke ataelewa.

Mzee Hadubini:
Uzi umegeuka wa betri, ngoja niurudishe. Nimefungua saa tangu wengi wenu hamjazaliwa. Bado sijaletewa iliyokufa kwa sababu chuma chake kimechoka. Naletewa zilizoingia maji, kioo kimepasuka, pini ya mkanda imechomoka. Nyie mnabishania bati, mwizi anapita dirishani.

Juzi kaja kijana, saa imejaa ukungu chini ya kioo, mshale wa dakika una kutu. Imeandikwa 30 m, kaoga nayo maji ya moto mwaka mzima. Ananiambia, "Mzee, mita thelathini, na bafu langu halina hata moja." Ile 30 ni mgandamizo waliopimia saa ikiwa mpya, imetulia. Kwa maisha yetu ina maana ya matone ya mvua na kunawa mikono. Kuogelea anzia 100. Kuzamia tafuta iliyoandikwa DIVER'S na 200. Na mvuke wa maji ya moto usiuamini hata kwenye hiyo. Nilipoifungua, mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekatika, kipande kimebanwa nje ya mfereji wake. Aliyebadilisha betri aliufungia hivyohivyo. Saa ikifunguliwa, simama hapo hapo, dai mpira uangaliwe.

Wa titani nao wasikilize. Mgongo ukiwa wa kusokota, titani kwa titani hung'ang'aniana kwenye nyuzi zake. Kuna mmoja nilishinda nao kutwa, ulipokubali ulitoka na nyuzi zote. Grisi kidogo tu ingeokoa.

Mkono Mtupu:
Shikamoo mzee. Na kioo je? Naambiwa nisikubali kitu chini ya safaya.

Mzee Hadubini:
Marahaba. Kwa mikwaruzo wamekwambia kweli. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs mchanga una 7, safaya ina 9, kioo cha kawaida kiko chini ya mchanga, ndiyo maana vumbi tu linakichora. Lakini kitu kigumu hakipindi. Safaya ikidondokea pembe kwenye vigae inaweza kugeuka chumvi. Mimi mwenyewe navaa kioo cha kawaida. Kikichoka nabadilisha, ila mimi ni fundi, wewe nunua safaya.

Plastiki Milele:
Kikuo Ibe wa Casio alimaliza mjadala huu mwaka 1983. Alitaka saa idondoke mita 10, ihimili mgandamizo wa maji wa bar 10, betri ikae miaka 10. Ndiyo G-Shock, saa ya resini, yaani plastiki ngumu. Resini haiwashi, haipati kutu, haipitishi umeme. Mnatafuta nini tena?

Pingili Nne:
Resini ingeyeyukia mkononi? Nauliza tu.

Nati Kavu:
Isingepata moto, umeme ungepitia wapi?

Pingili Nne:
Ahaa. Basi nimenunua ndugu yangu, leo leo.

Ukingoni:
Mzee kataja pini. Yangu ilikuwa titani, safaya, kila sifa mnayoitaja humu. Nimeinama kisimani kuvuta ndoo, nikasikia "tik" ndogo kama mtu kabofya kalamu, halafu chini huko "chubwi". Pini ya springi, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Nimebaki na nusu ya mkanda. Nikipita pale naangalia maji najua kuna saa humo ndani imeshasimama, maana ilikuwa ya kuchajiwa na mwanga wa jua, giza la kisimani litakuwa limeshaizima.

Kijiti Kimoja:
Umeniua mbavu, halafu nimeona vibaya kucheka. Pole.

Mzee Hadubini:
Ya mwanga ni chaguo zuri hata hivyo. Haifunguliwi kila mara kubadilishwa betri, mpira unatulia. Na hizo pini badilisha kila ukipeleka saa kwa fundi, hata kama zinaonekana nzima.

Mkono Mtupu:
Nashukuru wote. Nimefanya kipimo cha Bi Kipele: nimekaa na jinzi bila fulana ya ndani tangu asubuhi, kitovu salama. Kwa hiyo naenda na 316L, mita 100, safaya, ya mwanga wa jua. Titani nitaiangalia nikizeeka mkono ukichoka kubeba.

Bi Kipele:
Karibu kwenye uzito.

Mtaka cha Uvunguni:
Pingili Nne, swali la mwisho, tangu jana linanikosesha usingizi. Ile spana iliyoruka uliipata?

Pingili Nne:
Namba 10 ikipotea huwa inaonekana, mkuu? Unauliza kweli?