Natengeneza gemu ya zuu: tabia za wanyama kwenye kundi niziweke za ukweli kiasi gani?

Makulu_Dev
Habari za jioni wakuu. Mi niko Dodoma hapa namalizia chuo, projekti yangu ni gemu ndogo ya kuendesha zuu. Nimeweka wanyama wa kwetu, simba, fisi madoa, mbwa mwitu na tembo. Magemu ya aina hii nimeyapenda tangu Zoo Tycoon ile ya 2001 niliyoikuta kwenye kompyuta ya bro, mpaka Planet Zoo ya 2019 ambayo nachezea kwa mshikaji maana mashine yangu haiiwezi. Sasa sistimu niliyojenga ni hii, kila mnyama ana idadi ya wenzake anaotaka, wakipungua furaha inashuka, wakizidi inashuka, na kila kundi lina dume mmoja bosi, dume mwingine akikomaa wanazichapa, anayeshinda anachukua cheo. Basi, kwa wote wanne hivyo hivyo. Juzi nikamuonyesha rumumeti wangu ambaye ni mtu wa Kondoa akacheka sana, akasema fisi wako hawa ni kuku wa kisasa waliovalishwa ngozi ya fisi.

Kwa hiyo swali, je kuna njia ya kufanya waishi kama wanyama wenyewe bila kuua mashine na bila kumchosha mchezaji? Nawasilisha.

Kizota_Gamer
Usijitese kiongozi. Watu wanafungua gemu ya zuu wajenge mabanda mazuri, waone watoto wakizaliwa, waingize hela ya viingilio, hakuna anayekuja kusoma baolojia. Hiyo Planet Zoo yenyewe ukisahau kuwapa dawa za uzazi ndugu wa tumbo moja wanapandana mpaka ukoo mzima unaharibika, mi nusu ya muda naumalizia kwenye menyu nikiangalia nani ni dada wa nani. Ukiongeza na siasa za fisi tutakimbia. Weka animesheni nzuri, weka sauti, maliza chuo.

Mzee_wa_Msembe
Mdogo wangu Makulu, mimi natembeza wageni Ruaha huku miaka mingi, huyo dume bosi kwa upande wa fisi mfute leo leo. Kwa fisi madoa wanatawala majike, na mtoto anarithi cheo cha mama yake, anakaa chini ya mama hapo hapo na juu ya wote walio chini ya mama. Dume akikua kwa kawaida anahama, akifika ukoo mwingine anaanzia mkiani kabisa, hapigani apande, anasubiri foleni. Wale wa kreta ya Ngorongoro wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1996 kwa hiyo haya sio hadithi za madereva.

Siku moja tulikuwa kwenye mzoga wa nyati, fisi wazima wameng'ang'ania mbavu, mara akaja fisi mdogo, wa kunyonya bado (wananyonya mwaka na zaidi hao), mkia juu, akapita katikati yao. Dume mmoja mkubwa ana makovu usoni akalaza masikio, akashusha kichwa, akaachia nyama na kwenda kusimama pembeni. Mgeni akaniuliza limwili lote lile linaogopa mtoto? Nikamwambia angalia nyuma ya kile kichaka, mama mtu alikuwa amelala pale wala hajainua kichwa.

Simba sasa ni kinyume. Simba majike wa kundi moja ni mama na dada na mama wadogo, na kati yao hakuna malkia, hakuna anayezaa kwa ruhusa ya mwenzake. Madume wanatoka nje, mara nyingi wawili watatu pamoja, wanawafukuza waliokuwepo na wanaua watoto wadogo ili majike warudi kwenye joto. Ukitumia kanuni moja kwa fisi na simba umekosea kwa wote wawili.

Binti_Chilonwa
Shikamoo mzee wa Msembe, na nakubaliana na wewe ila niongeze kitu ambacho naona Makulu kitamsaidia. Mi nasoma mambo ya wanyamapori. Hili wazo la bosi anayepigania cheo limeenea sana kupitia mbwa mwitu wa Ulaya (wolf, sio hawa wa kwetu) waliofungiwa kwenye zuu ya Basel kule Uswisi, mtafiti Rudolf Schenkel aliandika juu yao mwaka 1947. Baadaye Mmarekani David Mech, ambaye ndiye aliyelieneza hilo wazo, akafuatilia wale wa porini, na 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, mkubwa ni mkubwa kwa sababu ni mzazi tu. Wale wa zuu walipigana kwa sababu hawakuwa familia, walikusanywa wakatupwa uzio mmoja na hakuna pa kukimbilia.

Yaani gemu zenye ngumi za cheo hazijadanganya kabisa, zimekopi zuu. Kosa ni pale familia iliyozaliwa pamoja inapigana sawasawa na wageni. Nyumbani kwetu mbuzi wakinunuliwa mnada wa Msalato wakaletwa zizini ni vichwa tu siku kadhaa, pah pah pah, kila mmoja anapimwa na kila mmoja, afu inatulia. Waliozaliwa humo humo, wakiwa kwenye birika la maji, mmoja anatosha kugeuza shingo kidogo mwenzie anampisha.

Kwa hiyo kabla hujauliza huyu ni mnyama gani, gemu yako ijue kwanza nani kakua na nani.

Bit_wa_Nkuhungu
Dada umetisha. Makulu, hii kuiprogramu ni nyepesi kuliko unavyofikiria. Kwa kila jozi ya wanyama hifadhi vitu vitatu, undugu, muda waliokaa pamoja na nani alimpisha nani mara ya mwisho. Banda la wanyama 20 ni jozi 190, hata simu ya kichina inabeba. Ila usipige hesabu kila sekunde, hapo ndo utaua mashine, hesabu ziamke pale tu kuna jambo, chakula kimeletwa, mtoto kazaliwa, mgeni kaingia, mkubwa kafa. Muda mwingine wote walale na kujikuna kama kawaida. Tofauti za simba na fisi unaziweka kama kanuni ndogo juu ya jedwali hilo hilo, kwa fisi cheo kinatoka kwa mama, kwa simba majike hakuna cheo.

Makulu_Dev
Asanteni sana wakuu, jozi 190 nimeelewa, usiku huu naanza. Mbwa mwitu wetu wa Afrika nimesoma kwamba kundi jipya ni ndugu wa kiume wanakutana na ndugu wa kike wa kundi lingine, hiyo inaingia vizuri kwenye undugu. Tembo sasa. Jike mzee kiongozi nimeshaweka, ila madume wakishatoka kwa mama zao nawafanyaje? Kwa sasa wanazunguka tu peke yao.

Mzee_wa_Msembe
Marahaba binti. Makulu, dume kijana anamhitaji dume mzee. Afrika Kusini, hifadhi ya Pilanesberg, walihamishia tembo wadogo yatima kutoka hifadhi ya Kruger ambako wakubwa waliuawa kupunguza idadi. Wale madume walipokua bila wazee wakawa wanaingia ule wazimu wa homoni mapema na kwa muda mrefu, ule wa majimaji kutiririka pembeni mwa kichwa, na miaka ya 90 wakaua vifaru zaidi ya 40. 1998 wakaletwa madume wakubwa sita kutoka Kruger, vijana wakatulia na vifaru wakaacha kuuawa. Kwa hiyo mchezaji akinunua madume vijana matupu kwa kuwa bei rahisi, yampate.

Kizota_Gamer
Hiyo ya tembo nimeipenda, hapo kuna gemu. Ila simba kuua watoto weka swichi ya kuzima aisee, binti yangu ana miaka sita na ndo anashika mausi.

Binti_Chilonwa
Swichi ya nini wakati zuu za kweli zina njia? Dume mpya hatupwi ndani siku hiyo hiyo, anawekwa banda la jirani wanaonana na kunusana kupitia wavu, wakizoeana ndo mlango unafunguliwa, na kama kuna watoto wadogo wanasubiri wakue au hawamleti kabisa. Makulu ampe mchezaji banda la pembeni na wavu, akiharakisha kufungua mlango ni juu yake. Binti yako utakaa naye siku ya kufungua.