Mtoto wa mwenye viza ya masomo akizaliwa Marekani, awe raia au asiwe? Tubishane

Aliyeanzisha: Wadau, ile amri aliyosaini Trump 20 Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa, ilisema mama kama hana makaratasi au yupo kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, na baba naye siyo raia wala hana grini kadi, basi mtoto wao asitambuliwe kuwa raia. Mahakama za chini zikaizuia ila wazo halijafa. Juzi kijiweni kwetu wabongo kibao wanaliunga mkono, na nusu yao watoto wamezaliwa hukuhuku! Mnasemaje?

Wa Mombasa: Mi naunga mkono na sioni haya. Kwetu Kenya katiba ya 2010 inataka baba au mama awe Mkenya, kuzaliwa hospitali ya Pumwani Nairobi pekee hakukupi kitu. Waingereza nao waliacha tangu 1983. Sasa Marekani kuna nini?

Mama wa wawili: Kaka yangu umewasahau Wapemba wa huko huko pwani yenu? Wamezaliwa Kwale na Kilifi, wamevua samaki miaka na miaka hawana kitambulisho, mpaka 2023 ndo serikali ikawatambua. Bila kitambulisho hata laini ya simu unaomba mtu akusajilie. Hiyo ndo unaisifia?

Wa Mombasa: Hapo umenipata kidogo dada. Ila mwanafunzi wa Dar, mtoto wake si anachukua tu paspoti ya Tanzania?

Aliyeanzisha: Inategemea mkuu. Mzazi mwenyewe kama kazaliwa nje na ni Mtanzania wa kurithi, sheria yetu ya 1995 haimpitishii mtoto aliyezaliwa nje pia. Halafu Marekani ni kitu cha katiba, marekebisho ya 14 ya 1868, yanayosema anayezaliwa huko ni raia, yaliwekwa baada ya utumwa maana mahakama 1857 ilishasema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Na 1898 Wong Kim Ark, wazazi Wachina, kazaliwa San Francisco, akashinda kesi ya uraia wake. Unafutaje hiyo kwa saini moja?

Mama wa wawili: Mi najifungua, wakaniletea fomu kitandani, nikaweka tiki kwenye kisanduku cha kumwombea mtoto namba ya soshal sekyuriti, ile ya utambulisho ya Marekani, kadi ikaja kwa posta basi. Cheti cha mtoto hakina hata mstari wa viza ya mama. Wakibadilisha, hata raia wa kuzaliwa itabidi athibitishe wazazi wake walikuwa na hadhi gani, na sijui nani atakagua, nesi?