Mnatufundisha Maslow na Herzberg huku ovataimu yetu hamlipi!

Wakuu, nina hasira na nimeshindwa kuimeza. Juzi tumefungiwa ukumbini kutwa nzima kwa semina ya kuongeza ari ya kazi. Meneja kaonyesha ile piramidi ya mahitaji ya binadamu ya mwanasaikolojia Maslow, chini chakula na usalama, juu kabisa kutimiza uwezo wako, kapanda nayo ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, kisha akatuambia anayewaza hela bado yuko ngazi za chini, na kwamba Herzberg, mwanasaikolojia mwingine, alishathibitisha mshahara haumpi mtu motisha. Hayo anawaambia watu wanaodai ovataimu ya miezi minne! Mwenzetu mmoja kanyoosha mkono kuuliza, akaambiwa hapa si mahali pa madai.

Nikaenda kusoma mwenyewe. Herzberg na wenzake walitoa matokeo yao mwaka 1959, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Walichokiona ni kwamba yanayomfanya mtu aipende kazi siyo yaleyale yanayomfanya aichukie. Kufanikisha jambo, kutambuliwa, kukabidhiwa wajibu, hayo huinua ari. Mshahara, sera za kampuni, usimamizi na mazingira ya kazi, hayo yakiwa mabovu mtu anaichukia kazi. Yakitengenezwa, chuki inapungua, ila ari bado haijaja. Kwa hiyo kunilipa pekee huenda kusiniongezee bidii, lakini kuninyima kunaiua hata ile niliyokuja nayo. Nusu hiyo ya pili meneja kairuka, na ndiyo inayomhusu.

Na Maslow, aliyeandika nadharia yake mwaka 1943, hakuichora ile piramidi. Waliichora wengine baadaye. Alichokisema wazi ni kwamba mwenye njaa mawazo yake yote yako kwenye chakula. Hakusema ni kosa lake.

Hata Taylor, yule mhandisi Mmarekani wa kumpima mfanyakazi kwa saa mkononi, alijua kazi ikizidi lazima malipo yazidi. Kwa maelezo yake mwenyewe ya mwaka 1911, wabeba chuma wa kiwanda cha Bethlehem, Marekani, walitoka tani 12.5 kwa siku hadi 47, na malipo yakatoka dola 1.15 hadi 1.85. Mimi naona ulikuwa unyonyaji, kazi karibu mara nne kwa nyongeza ya asilimia 60 hivi. Ila sisi tumebebeshwa kazi za watu watatu walioondoka, na hatujapewa hata hiyo.

Linaloniuma zaidi ni la dada mmoja, ana miaka tisa pale. Kamfundisha kazi mgeni kuanzia siku ya kwanza, halafu akagundua mgeni anamzidi mshahara. Mwanasaikolojia Adams alilieleza hili tangu 1963: mtu hupima anachotoa na anachopata, akajilinganisha na mwenzake, na akiona amepunjwa hupunguza anachotoa. Dada huyu alikuwa akibaki jioni kukagua makosa ya idara nzima bila kuombwa. Sasa muda ukifika anaondoka, na makosa yanawafikia wateja. Wakampa cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi. Kakiacha mezani.

Barua mbili za madai tumeshaandika, hakuna jibu. Ya tatu tunaiandika wiki hii, sote tunasaini. Mliowahi kulipwa malimbikizo ya ovataimu, mlianzia kwa nani, na mliambatanisha nini?