Mrejesho: greni (kipimo kidogo cha uzito wa risasi) 115, 124 au 147?

Wakuu, niliwauliza nitumie kichwa cha risasi cha uzito gani kwa bastola yangu ya milimita 9 kwenye mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha wa vitendo). Nimejaribu zote tatu.

Hesabu ya nguvu ya risasi (power factor) ndiyo iliyokuwa imenichanganya: uzito kwa greni zidisha kasi ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Daraja la chini la nguvu (Minor) linataka angalau 125. Nilikuwa nalenga 126, mkanikemea, na mlikuwa sahihi. Ukishuka chini ya 125 unaendelea kupiga lakini alama zako hazihesabiwi. Kwenye kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi), 115 ilihitaji futi 1,150 kufika 132. Ile 147 ilifika karibu 131 kwa futi 890 tu.

Kwa hesabu zinakaribiana, mkononi hapana. Ile nzito ya 147 ina baruti kidogo, kwa hiyo bastola inasukuma badala ya kuchapa. Wapo wasioipenda, wanasema silaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma ukipiga) inajikokota. Mimi nimeipenda.

Hili hamkuniambia (nawadai!): 147 inapiga juu kidogo, ikabidi nirekebishe saiti (vilengeo vya bastola). 124 haina ubaya, ila sikuona sababu ya kubaki nayo. Za 115 nilizobakiza nitazimalizia mazoezini.