Tupeane uzoefu: mliokulia nyumba ambayo mtoto ndo alikuwa mtu mzima

Binti Pasua
Habari zenu wakuu. Kuna jambo huku kwetu Moshi na Arusha huwa tunalipita juu juu. Tunasifia sana baba kajenga, mama kasomesha, na ni kweli wapo wengi na wanastahili. Ila wapo wenzetu ambao wazazi walikuwepo, wazima wa afya, halafu nyumba ikawa inaendeshwa na mtoto wa la nne. Naanza mimi, na nyie mlete za kwenu.

Nimekulia Pasua. Baba alikuwa fundi gereji, na alikuwa fundi haswa, watu walikuwa wanatoka mpaka Himo kumfuata. Kwa hiyo hela alikuwa anapata, sio kwamba tulikuwa maskini wa kukosa. Jumamosi akilipwa tu haifiki nyumbani, inaishia kwenye bia na kuwanunulia watu wasiomjua hata majina ya wanae. Mama nae wakigombana anakusanya kanga zake anapanda gari la Rombo kwao, anarudi siku akijisikia, sisi tunabaki. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya kidole.

Nilichokuwa nafanya ni hiki. Baba akirudi amelewa anavua suruali anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nasubiri mpaka aanze kukoroma, naingiza mkono natoa mia mbili, mia tano, sichukui zote maana akishtuka ni kipigo cha nyumba nzima. Nazificha kwenye kopo la Blue Band chini ya mkaa. Hiyo ndo ilikuwa unga na dagaa na mafuta ya taa ya wiki. Ikiisha naenda kwa Mangi mwenye duka anaandika kwenye daftari kwa jina langu mimi, sio la baba, kwa sababu la baba alishalikataa. Fikirieni mtoto wa la nne ana deni dukani kwa jina lake.

Na ndugu walikuwa wanajua. Baba mdogo akija anakaa, anakunywa chai, anatuambia vumilieni ndo baba yenu, anaondoka. Mpaka leo hiyo vumilieni inaniuma kuliko hata vile vipigo.

Aliyetushika ni mama mmoja jirani aliyekuwa anauza ndizi soko la Mbuyuni. Alikuwa anapika kiburu, zile ndizi na maharage, sufuria kubwa halafu anatuita kwa sauti njooni mnisaidie kitachacha hiki, makusudi ili tusijisikie tunaombaomba. Mama yule Mungu amzidishie.

Mtoto wa Apolo
Dada pole sana, umenigusa pabaya. Mimi Arusha, Sombetini, kabla ya hapo Ngarenaro, kabla ya hapo Unga Limited, na kote tulihama kwa kodi. Mzee alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, Mirerani. Asiyejua maisha ya tanzanite nimwambie, mtu anakaa kwenye shimo miezi hana mshahara, anakula chakula cha bosi wa mgodi tu, siku mgodi ukitema ndo wanagawana. Sasa ukitema mzee anashuka Arusha na teksi, nyama choma mtaa mzima, sabufa mpya, anamtunza kila anayemwita bosi. Baada ya muda sabufa inauzwa, godoro linafuata, mwenye nyumba anakuja kung'oa mlango na sisi tumo ndani. Tulilala bila mlango, mama amesukumia kabati pale.

Nakumbuka alivyorudi safari moja na viatu vya shule, vizuri, vya ngozi. Nikajaribu havipiti hata kwenye vidole. Alinunua vya mtoto wa miaka sita na mimi nilikuwa nimeshafika kumi. Hakuwa na ubaya moyoni yule mzee, na naamini alitupenda. Ila alikuwa hatujui.

Kibosho kwetu
Mimi upande wangu alikuwa mama. Alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, na naomba nieleweke, mbege imesomesha watu wengi tu Uchagani, kuchemsha ndizi, kuotesha ulezi, kutafuta msesewe lile gome chungu la mti, ile ni kazi ya mikono na ya heshima. Tatizo mama alikuwa anakunywa na wateja, jioni analala, mimi wa miaka 11 ndo nabaki na kata mkononi nahudumia wanaume waliolewa mpaka wa mwisho aondoke. Sitaelezea zaidi ya hapo. Bibi mzaa baba aliposikia alikuja mchana, hakugombana na mtu, akafunga nguo zangu akasema huyu anaenda kwangu. Nimesoma kwa hela ya kahawa yake.

Mzee wa busara
Wanangu poleni, lakini wazazi hawaanikwi hadharani. Kuna laana. Yasemeni na Mungu.

Binti Pasua
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hatujataja jina la mtu hapa. Na kunyamaza huko ndo kulifanya baba mdogo anywe chai aondoke.

Ustawi Arusha
Nachangia kama mtu ninayefanya kazi za ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka wazi kwamba mzazi anawajibika kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na hata mtoto kupata nafasi ya kucheza. Sio hisani. Ukiona mtoto anakuja dukani kukopa kila siku, au anakosa shule kwa sababu anabaki na mdogo wake, usisubiri majeraha. Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa kata yako, au dawati la jinsia na watoto hapo polisi. Watoto wengi tunawakuta wamechelewa kwa sababu majirani walidhani ni mambo ya ndani ya familia.

Kaka wa Uru
Mimi nipo kwenye sura ya pili ya haya mambo. Baba aliuza kihamba, shamba letu la urithi, kipande kwa kipande mpaka tukabaki na pale nyumba ilipo na makaburi. Sasa amezeeka, ana presha, na kila Desemba tukipanda nyumbani ukoo unaniita kikao kwamba simtunzi. Namtunza. Dawa nanunua mwenyewe kila mwezi, unga na sukari nalipia dukani moja kwa moja, bima ya afya nimemkatia. Hela mkononi simpi, na shangazi zangu wakisema nimekuwa na roho mbaya nawaacha waseme. Nyie wengine mliofika umri huu mnafanyaje?