Wanaotengeneza lenzi, mkono wa mpiga picha mmeusahau

Wakuu, nina hasira, na naandika kabla haijapoa.

Jana jioni mpwa wangu katembea kwa mara ya kwanza. Sisemi kusimama akayumba akakaa chini, nasema katembea: hatua nne kutoka kwenye kochi hadi magotini kwa mama yake. Kamera ilikuwa mapajani mwangu, imewashwa, ila ilikuwa imelala yenyewe ili kutunza betri, lenzi imejikunja ndani. Nikaigusa. Lenzi ikaanza kujikunjua kwa kile kimota chake, inatoka taratibu, nami nimeibana jichoni nasubiri. Hatua ya kwanza ikaenda hivyo. Nikataka kuvuta karibu, na zumu yenyewe ni ya umeme, unasukuma kiswichi halafu unangoja. Ikapitiliza pale nilipotaka. Hatua ya pili. Fokasi, ule umbali ambao picha inatoka wazi bila ukungu, ikahangaika mbele na nyuma, mwisho ikashika kitambaa cha kochi. Nikakimbilia pete ya fokasi inayozunguka kwenye lenzi, niirekebishe kwa mkono. Nikazungusha, hakuna kilichosogea. Nikazungusha kwa haraka zaidi, ikaruka moja kwa moja hadi ukutani.

Hatua ya tatu na ya nne ninazo kwenye kadi. Ukuta umetoka vizuri mno, unaweza kuhesabu mistari ya brashi kwenye rangi. Mbele yake kuna ukungu mweupe wenye mikono miwili juu.

Na lenzi hiyo ni kali, yaani picha zake zinaonyesha kila kitu kidogo bila ukungu. Nimeipima mwenyewe, kila aliyeandika kuihusu ameisifu, katikati mpaka kona haina shida. Ndiyo maana nimekasirika. Ingekuwa mbovu ningeirudisha, yakaisha. Lakini nitairudisha kwa sababu gani? Kwa karatasi ya vipimo haina kosa hata moja. Nimekaa nayo miaka mitatu na hakuna hata siku moja niliyoinuka nikasema leo natoka na ile lenzi.

Najua siko peke yangu. Kila mpiga picha ninayemfahamu ana lenzi moja au mbili za namna hiyo kwenye mkoba: inapiga picha nzuri na hakuna anayetamani kuishika. Huwa tunasema tu "sijaizoea". Miaka mitatu hujaizoea? Tatizo haliko kwako. Hizi lenzi zinatengenezwa zifaulu mbele ya ubao wa kupimia ukali, na ubao umebandikwa ukutani, kamera iko juu ya tripodi, hakuna kinachotembea. Mkono haumo kabisa kwenye huo mtihani.

Niongelee hii pete ya fokasi kwanza, maana ndiyo inayoniuma kuliko vyote.

Kwenye lenzi za zamani, pete imeunganishwa na vioo kwa uzi kama wa skrubu. Ukizungusha, ni wewe mwenyewe unayekisogeza kioo. Ina mwanzo na ina mwisho, ukifika mwisho inagota. Juu yake zimechongwa mita: 1, 2, 5, mpaka alama ya mbali kabisa. Ukiitumia miezi michache vidole vinakariri. Mtu wa upande wa pili wa meza yuko hapa, mtu wa mlangoni yuko pale, na unaanza kuweka fokasi kamera ikiwa bado inapanda kuelekea jichoni. Ile lenzi yangu ya milimita 50 ya kufokasi kwa mkono, nzee kuliko mimi, naiweka mita mbili gizani bila kuitazama.

Sasa chukua nyingi za hizi mpya. Pete haijagusana na kioo chochote. Ndani kuna kihisi kinachosoma namna unavyozungusha, kinapeleka taarifa kwenye kompyuta ndogo, hiyo nayo inaiamuru mota, na mota ndiyo inayosogeza kioo. Zima kamera uone: pete inazunguka bure kama kifuniko cha chupa kilichokufa uzi. Haigoti popote. Haina namba. Halafu linakuja lile baya kuliko yote, nyingi zinapima kasi ya mkono wako. Zungusha nyuzi 90 polepole, kioo kinasogea kidogo. Zungusha nyuzi 90 zilezile kwa haraka, kinaruka mbali. Kwa hiyo ukitoka kwa mtu wa mbele kwenda kwa wa nyuma, kisha ukairudisha pete palepale ilipokuwa, fokasi haipo palepale. Mkono utajifunza nini hapo? Leo jibu ni hili, kesho ni jingine, inategemea umeshtuka kiasi gani. Na wakati wa kuhitaji pete ni ule ule ambao umeshtuka.

Nazijua faida zake, msinieleze. Vioo vya fokasi vimekuwa vyepesi, mota ni za haraka na hazina kelele, jicho la mtu linafuatwa akiwa anatembea, na wanaopiga video wamepumua. Yote kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalolazimisha pete iwe ya ovyo! Zipo kamera zinazokuruhusu kuchagua kwenye menyu kwamba mzunguko fulani uwe sawa na mwendo fulani, siku zote, na uchague pia izungukie upande gani (wanaohama kati ya Nikon na Canon wanajua kwa nini hilo ni muhimu, pete zao zinakwenda kinyume). Zipo lenzi ambazo ukiivuta pete nyuma kidogo inajifunga, inaonyesha mita, inagota mwanzo na mwisho. Na zina mota humo humo ndani. Kwa hiyo inawezekana na watu wanajua inavyofanyika. Aliyeacha kuifanya ameacha kwa kuamua.

Na mtu asije kuniambia ninunue ya ghali. Ya ghali ipi? Canon EF 85mm f/1.2L ya 1989, na toleo lake la pili la 2006, zilikuwa lenzi za kuheshimika kabisa kwa picha za sura, na pete yake ni hiyo hiyo ya umeme. Rundo la vioo linalosogea ni zito, kwa hiyo inafokasi kwa kujivuta. Ukiitoa kwenye kamera vioo vikiwa vimesogea mbele, huwezi kuvirudisha kwa mkono. Lazima uirudishe kwenye kamera, uwashe, ndipo irudi ndani. Watu walivumilia kwa sababu picha zake zilikuwa tamu. Kuvumilia ndiyo neno lenyewe. Hayo ndiyo maisha ya lenzi bora ya sura?

Nikija kwenye zumu ndogo inayokaa kwenye boksi la kamera, ile ya milimita 18-55 ya f/3.5-5.6 (namba ya f ikipanda, tundu la kupitisha mwanga limepungua), hasira yangu inabadilika kidogo, maana hapo wanaoumia ni wanaoanza.

Nimekuwa nikiwasaidia watu kujifunza kamera. Kuna dada mmoja alikuwa anapiga sura ya mama yake karibu na dirisha. Nilikuwa nimemwonyesha namna ya kupanga mwenyewe: f/3.5, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/60 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga) aliyoichagua kwa utulivu, picha ya kwanza ikatoka vizuri na akatabasamu. Akavuta zumu apate uso peke yake. Giza. Akavuta nyuma, mwanga umerudi. Akavuta tena, giza. Akanigeukia akiwa mnyonge kweli, akaniuliza, "Mwalimu, nimebonyeza nini?"

Hakubonyeza kitu chochote. Apacha, lile tundu la mwanga, ya lenzi hiyo ikiwa 18 inafunguka mpaka f/3.5, lakini ukifika 55 mwisho wake ni f/5.6. Fanyeni hesabu: mwanga unaopita umepungua zaidi ya mara mbili na nusu. Ile 1/60 yake sasa inataka karibu 1/25, na kwa 1/25 mkono wa mtu anayeanza unatikisika. Kamera ilimwambia, ndiyo, kwa kubadilisha tarakimu moja ndogo kwenye kona ya kidirisha. Nani anayeanza anatazama kona?

Sababu ya kiufundi ipo. Tundu la f/3.5 kwenye 55 linataka upana wa kama milimita 16, la f/5.6 linatosheka na milimita 10, na tofauti hiyo ni vioo vikubwa, uzito na gharama. Sikatai lenzi nyepesi ya bei ndogo. Ninachokataa ni kwamba ndiyo lenzi ya kwanza ya mamilioni ya watu na imejengwa kama vile hakuna atakayejaribu kujifunza nayo. Pete ya fokasi nyingine ni ukingo wa upana wa kidole, umebandikwa kwenye ncha kabisa. Kwenye zile za zamani sehemu ya mbele yote inazunguka wakati wa kufokasi, kwa hiyo ukifunga kichujio cha polaraizi ukakipanga vizuri kuondoa mng'ao wa maji, kamera ikifokasi tu kichujio nacho kimezunguka, mng'ao umerudi, anza upya. Watu wangapi wameweka kamera kabatini wakiamini hawana kipaji? Yule dada aliacha miezi mitano. Aliporudi nilimwazima 35 isiyo na zumu, akapiga hadi betri ikaisha.

Zile zumu za kila kitu, 18 mpaka 200 na ndugu zake, nina moja na nitaisema kwa kifupi. Nilitaka kuzipiga picha za zamani za familia, nimezilaza mezani, kamera iko juu yake imeelekea chini. Bomba la lenzi likawa linateleza lenyewe kwa uzito wake. Napanga 70, nikiachia mkono iko 85, picha inapigwa iko 100. Kuna swichi ya kulifunga, asanteni sana, inafunga ikiwa 18 tu, yaani pale ambapo lenzi imejikunja yote, si pale ninapopiga. Nimeifunga kwa ukanda wa mpira.

Nimeona pia watu wanachanganya mambo, wanadhani nalilia ukali. Hapana. Chukueni Nikon 43-86mm f/3.5 ya 1963. Hiyo imesemwa vibaya kwa miongo mingi na mengi yaliyosemwa ni kweli, inapindisha mistari: ikiwa pana mistari inavimba kwenda nje, ikiwa ndefu inabonyea ndani. Piga jengo uone. Lakini ishike. Pete moja, unazungusha kufokasi, unasukuma na kuvuta kwa zumu. f/3.5 ni f/3.5 mwanzo hadi mwisho. Na kwenye bomba kuna mistari ya rangi iliyopinda, kila rangi ni ya apacha yake, inakuonyesha kina cha fokasi, yaani kutoka wapi mpaka wapi picha itakuwa wazi, kinavyobadilika unapovuta. Waliounda kitu kile walimfikiria mtu aliyesimama na kamera mkononi. Vioo vyao vya 1963 viliwaangusha, sawa, ila mtu hawakumsahau. Leo tuna vioo ambavyo wao wasingeviota na tumewekewa pete isiyogota.

Kwa haki niseme na upande wa pili, kwamba uzee peke yake hauifanyi lenzi kuwa rafiki. Ile ya vioo vya kuakisi, 500mm f/8, wengi wenu mmeipitia. Fupi, nyepesi, inavutia. Halafu unagundua apacha ni f/8 na haibadiliki, kwa sababu katikati ya njia ya mwanga kumekaa kioo kidogo. Kidirisha kiko giza, kile kipande cha kati cha kusaidia fokasi kwenye kamera za filamu kinakuwa cheusi nusu, pete inapita alama ya mbali kabisa ili kuachia nafasi ya joto na baridi, kwa hiyo hata mwezi lazima uutafute. Na kila nukta ya mwanga nyuma ya ndege wako imegeuka bangili. Nayo pia ilinunuliwa sana na kutumika kidogo sana. Ila yenyewe ina kisingizio: fizikia inaibana. 500mm ya kushika kwa mkono mmoja lazima itoe kitu. Zumu ya umeme inayochelewa kuamka haibanwi na fizikia yoyote, mota ile ilichaguliwa mezani na mtu aliyeona ni sawa mimi nisubiri.

Dada yangu ameulizia picha asubuhi hii. Nimemtumia ile ya ukuta kwa sababu hakuna nyingine, na nimemwambia ukweli kilichotokea. Mtoto atatembea tena, najua, kesho atakuwa anakimbia. Zile nne hazirudi.

Nimeshaitoa lenzi ile kwenye kamera na kufunga ile 50 ya mkono kwa adapta. Haina otofokasi, yaani haijifokasi yenyewe, kona zake zina ukungu kidogo apacha ikiwa wazi kabisa, na iko mita mbili muda huu.

Naomba wadau mniandikie hapa: lenzi gani unayo ambayo inapiga vizuri na huitaki mkononi, na ni kitu gani hasa, pete, swichi, uzito wa mbele, kuchelewa, kuteleza. Kuhusu ukali msiandike, huo umeshaandikwa vya kutosha. Na kama kuna anayejua lenzi ndogo ya kisasa ya otofokasi yenye pete inayogota pande zote mbili na mita zilizochongwa juu yake, aitaje, nitaitafuta leo hii.